Asiye na Ila

Picha ya Ndege,
Kibaha.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo Baba. Marahaba yako nimeshaipokea, maana najua hata ukiwa peke yako na karatasi huwa unaitikia kwa sauti. Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa mkweo Didas na kwa mjukuu wako Eva. Kwa miili sisi ni wazima. Mvua za vuli bado hazijafika, vumbi limetawala mpaka ndani ya masufuria, na maji ya bomba yanatoka yanapojisikia. Je, wewe na Mama mnaendeleaje? Magoti ya Mama yakoje? Na wewe mwenyewe, unapata usingizi sasa, au bado unaamka kila mara kwenda haja ndogo? Tulipopiga simu majuzi Mama alisema daktari amekubali kukufanyia upasuaji wa tezi mwezi ujao. Tunakuombea sana. Tafadhali kahawa usihangaike kuianika mwenyewe, waachie vijana.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Ukweli ni kwamba simu yako, Baba, imekuwa redio ya kijiji. Tangu masikio yako yapungue, kila anayekupigia huwekwa kwa sauti ya juu, na wote walioketi sebuleni huitikia pamoja nawe. Ninayotaka kukueleza hayafai watu wa sebuleni. Ndiyo maana nimempa Hashiru, ambaye anakuja huko kumwona mama yake, na nimemwomba akukabidhi mkononi. Isome peke yako kwanza. Mama utamwambia mwenyewe utakapoona inafaa.

Barua hii ni jibu la ujumbe wako pia. Uliagiza tumlete Eva likizo ya Desemba akae nawe, umfundishe mwenyewe Komunyo ya Kwanza, kwa sababu umesikia ameacha mafundisho. Ni kweli, alianza baada ya msiba, kisha akaacha. Ulimwambia Didas kwamba mama yake amelegea kwa majonzi, na ukaongeza kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Neno hilo liliniuma, Baba. Liliniuma kwa sababu mamaye alimfunza. Alimfunza vizuri sana, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Unakumbuka kwamba mwaka jana kaka yake Castory alishindwa kuhudhuria mafundisho parokiani. Mtoto mwenye selimundu hapangi ratiba. Leo anacheza mpira wa makaratasi, kesho mifupa inamuuma hadi anang'ata shuka. Wenzake aliobatizwa nao walipokea Komunyo, yeye akabaki akiwatazama na kaptula yake mpya. Mwanzoni mwa mwaka huu nikaenda kwa paroko kumwomba ruhusa nimfundishe nyumbani. Paroko aliponiuliza kama naweza, nilimwambia mimi ni binti wa katekista, kwetu mafundisho tulinyonya pamoja na maziwa. Nilisema hivyo kwa majivuno, nikitembea kurudi nyumbani nikajiona mwalimu.

Basi kila jioni nikitoka kazini, kabla sijabandika chungu jikoni, tulikaa barazani: mimi, Castory na biblia yako ile yenye jalada lililoshonwa. Eva hakuwa mwanafunzi. Ana miaka minane, zamu yake ilikuwa bado. Lakini alikuwa anakaa pembeni akichambua mchele au kuchezea nywele zake, na wewe unajua watoto wa aina hiyo, wanaoonekana hawasikilizi. Nilipomuuliza Castory swali akachelewa, jibu lilitoka pembeni.

Nilifundisha kama ulivyotufundisha sisi. Nilianza na bustani, nikaja kwa Kaini na Abeli, nikafika Misri. Niliwaambia kwamba dhambi ni ya wote, na kwamba mwenye hatia hawezi kujiokoa, mpaka asiye na hatia akubali kusimama mahali pake. Na tulipofika kwenye mwanakondoo wa Pasaka sikutaka kuwaonyesha picha. Wewe hukutuonyesha picha. Kila Juma Kuu kulikuwa na mwanakondoo ndani ya nyumba yetu, tukimlisha na kulala tukimsikia akipumua, na Jumamosi baba yake Hashiru alikuja na kisu. Ulikuwa ukisema kwamba mtu hawezi kuelewa msalaba kama hajampenda aliyechinjwa. Mimi nilielewa. Nilitaka na wanangu waelewe.

Didas alikubali, japo kwa shingo upande. Yeye hapendi damu, lakini alisema mwalimu ni mimi. Tukaenda Mzenga, kule Kisarawe, tulikonunua lile shamba la mihogo na mikorosho. Jirani yetu wa huko ni Mzee Zahoro, yule uliyezungumza naye kwenye simu wakati wa Noeli mkabishana kuhusu migomba. Ni mtu mzima, Mzaramo wa pale pale, ana kondoo na mbuzi wachache, na kwa kijiji kizima yeye ndiye mchinjaji. Harusi, hitima, ubatizo, wote humwita yeye. Sisi Wakristo huku tunafanya kama mlivyofanya ninyi huko: mnyama huchinjwa na Mwislamu ili jirani yeyote atakayekuja mezani ale bila kuuliza.

Watoto walikuwa nasi siku hiyo zizini. Nilifungua kitabu cha Kutoka nikasoma kwamba awe mwanakondoo asiye na ila. Mzee Zahoro akacheka, akasema hata wao mnyama wa Idi ni hivyo hivyo, hachukuliwi chongo, wala kiguru, wala aliyekatika sikio. Akawaonyesha watoto namna ya kukagua. Castory akafungua kinywa cha yule mwanakondoo, Eva akapapasa miguu, nami nikiwauliza kila kiungo: ana ila? Nao wanajibu: hana ila. Wakati huo nilimwona Eva akivuta mkono wa kushoto wa gauni lake mpaka kwenye vidole. Nilidhani ni mbu.

Huo ndio mkono wenye kovu, Baba. Alijimwagia chai ya moto akiwa bado anatambaa, na ngozi ikajikunja kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo. Nyumbani kwetu kovu hilo halikuwa habari. Tulikuwa tumelizoea kama ufa wa ukuta.

Mwanakondoo alikaa kwetu kuanzia Jumapili ya Matawi. Castory alimwita Mpole na alimlisha matembele mkononi mwake. Jumamosi Mzee Zahoro alikuja Kibaha na kisu chake kwenye ala, akamlaza Mpole ubavu nyuma ya nyumba, akamwelekeza wanakoelekea wao wakiswali, akasoma, akamaliza. Castory alilia. Eva hakulia. Aliuliza swali moja tu: kama Mpole alijua ni kwa ajili ya nani. Nilimjibu kwamba Mpole hakujua, lakini Yesu alijua, na alikubali, na hapo ndipo penye tofauti. Nilifurahia swali lake. Nilimwambia Didas kwamba huyu atakuwa sista.

Somo la mwisho nililiweka Jumatatu ya Pasaka. Ndilo somo ambalo wewe ulikuwa unalifundisha ukiwa umesimama: kwamba alikufa mara moja, ikatosha, kwamba tangu siku ile Mungu hadai damu ya mtu wala ya mnyama, kwamba kaburi li wazi. Jumatatu hiyo Castory aliamka na maumivu. Tulimpeleka hospitali na somo likabaki kwenye kitabu. Wanangu niliwafikisha Ijumaa Kuu, Baba, nikawaacha hapo.

Hospitali alihitaji kuongezewa damu, na alipoongezewa alirudiwa na rangi ya midomo, akaomba chipsi. Eva aliuliza damu ile ni ya nani. Mwalimu mimi sikuiacha nafasi ipite. Nilimwambia ni ya mtu asiyetujua, aliyetoa bila kuombwa, na kaka yake ni mzima kwa sababu ya damu ya mwingine, hivyo hivyo kama Yesu. Nesi aliyekuwa karibu alitabasamu akasema mtoto ana bahati kuwa na mama anayejua kufundisha.

Mwezi Juni, shule zilipofungwa, Castory aliugua tena, safari hii kifua. Tulihamishiwa hospitali kubwa ya Dar. Mimi na Didas tukawa wa kupokezana kitandani, na Eva tukampeleka Mzenga kwa Mzee Zahoro na mkewe, Bi Mwanaamina, ambaye humpenda kama mjukuu wake. Alikaa huko mpaka tulipomfuata kumwambia kwamba kaka yake hayupo. Aliposikia aliuliza saa ngapi, kisha akaenda kuchukua nguo zake kwenye kamba.

Mazishi uliyaona mwenyewe. Castory alilala huko kwenye migomba ya kwao Didas, karibu na babu yake mzaa baba, na watu walikuja wengi, Mungu awabariki. Ulisimama kaburini na fimbo yako ukasema neno ambalo watu bado wanalisimulia. Ulisema Mungu ni kama mfugaji mwenye macho: akiingia zizini hachukui wa kuchukua tu, huchagua asiye na ila. Kwamba Castory alichaguliwa kwa sababu alikuwa safi, na sisi tuliobaki tumebaki kwa sababu bado tuna madoa ya kusafishwa. Akina mama walilia, na hata mimi nililia, maana maneno yalikuwa matamu na nilikuwa na njaa ya kitu chochote kitamu. Kisha ulimshika Eva kichwani, ukawaambia waombolezaji wamtazame mtoto huyu ambaye hakutoa chozi, ndiyo imani hiyo. Mimi nilisimama pale pale, Baba. Nami niliona imani.

Tuliporudi Kibaha alianza kuvaa sweta. Ni lile la kijani, la shule, lenye mikono mirefu. Mwanzoni nilifikiri baridi ya huko kwenu imemwingia. Lakini Kibaha hii si nchi ya sweta, na wiki zikapita, na mtoto akawa anatoka jasho mpaka kola inaloa, na hataki kulivua. Walimu waliniita. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mama kafiwa na mmoja, sasa anamwacha wa pili aoze. Kila nilipomgusa zipu alinishika mkono kwa upole na kuniambia hasikii joto. Na alikuwa mtiifu katika mengine yote, mtiifu kuliko zamani, vyombo alikuwa anaosha kabla hajaambiwa. Nilijifariji kwamba kila mtu ana namna yake ya kulia.

Agosti nilienda Mzenga kumwomba Mzee Zahoro aje atuchinjie mbuzi wa misa ya arobaini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hachinji tena. Nilifikiri anaumwa mkono. Akasema hapana, kisu amempa Amiri, mtoto wa nduguye, tangu Idi ya kuchinja, na kama nataka nimwombe huyo. Nikaudhika kidogo, nikamwambia kwamba mbuzi huyu ni wa Castory, na Castory alikuwa mtoto wake. Hapo ndipo Bi Mwanaamina, aliyekuwa anatwanga mlangoni, alipoacha mchi akamwambia mumewe kwamba alilolificha litamwua, amwambie mama wa watu.

Sasa naandika aliyoniambia, Baba, na ninaomba uyasome polepole kama ninavyoyaandika.

Idi iliangukia wakati Eva yuko kwao. Siku moja kabla, Mzee Zahoro alikuwa akikagua mbuzi wa kuchinja, na Eva alikuwa pembeni yake. Alimwona akimtoa mmoja nje ya kundi kwa sababu sikio lilikuwa limepasuka. Wajukuu wa pale walikuwa wakisimuliana habari ya Nabii Ibrahimu na mwanawe, namna mtoto alivyokubali kulala chini ya kisu. Eva aliwaambia anaijua, mama yake amemfundisha.

Asubuhi ya Idi, watu walipokuwa bado njiani kutoka kuswali, Mzee Zahoro alikwenda nyuma ya nyumba kuandaa kishimo cha damu, akamkuta mtoto. Alikuwa ameoga. Alikuwa amevaa gauni lake jeupe la Jumapili ya Matawi. Alikuwa amelala chini ubavu, karibu na kishimo, uso ameuelekeza kule kule alikomwona Mpole ameelekezwa. Mzee alidhani ameanguka. Alipoinama, mtoto akamwambia kwamba yeye ni wa Kaka Castory. Akamweleza kwamba hana dhambi kubwa, aliwahi kulamba maziwa ya unga ya kaka yake na kusema uongo, lakini ameshaomba msamaha. Akamwomba afanye upesi kabla mama hajajua, ili jioni Castory awe mzima.

Mzee Zahoro alikuwa ameshika kisu, akakitupa kwenye majani. Alisikia watu wanaingia uani, watoto na sahani zao, na kitu pekee alichotaka ni mtoto yule asimame kabla hajaonwa na mtu. Hakuwa na muda wa kutafuta maneno. Akasema la kwanza lililomjia, la mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akiwageuza wanyama mkononi. Alimwambia kwamba yeye hafai, ana kovu, tazama mkono wako, mwenye kilema hapokelewi.

Anasema Eva aliutazama mkono wake. Kisha akainuka, akapangusa gauni, akamwambia ahsante Babu. Akaenda jikoni kumsaidia Bi Mwanaamina kumenya vitunguu saumu.

Mzee alilia akinisimulia. Aliniuliza angefanyaje. Alikuwa anataka kumwokoa, na papo hapo alimwokoa, maana alisimama. Lakini mwanangu aliondoka pale akijua kwamba alijitoa akakataliwa, na kaka yake akafa. Kisha tukampeleka kwako, na mbele ya kaburi akasikia kwa kinywa cha Babu yake, katekista, kwamba Mungu huchukua asiye na ila na kuacha wenye madoa. Na mkono wako ulikuwa juu ya kichwa chake ulipokuwa unasema. Hakulia kwa sababu alikuwa na aibu, Baba. Haikuwa imani.

Nilirudi Kibaha nikamvua sweta. Sikumwomba, nilimshika nikamvua, na hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyopiga kelele. Kovu halikuwapo. Palikuwa na nyama. Alikuwa akilisugua kila siku bafuni na lile jiwe la kusugulia visigino, akitarajia ngozi ya chini itatoka safi. Sweta lilikuwa limegandia. Kwenye zahanati mhudumu aliniuliza ni nani aliyemfanyia mtoto unyama huu, na Eva akanitetea kabla sijafungua mdomo, akasema mama hajui lolote.

Sikukwambia kwa sababu niliona naweza kulitengeneza mwenyewe. Nimelifundisha lile somo la mwisho sasa, nimelifundisha mpaka sauti imekauka. Nimemwambia kwamba Yesu alikufa mara moja, ikatosha, Mungu hataki mtoto. Anajibu ndiyo mama. Didas, ambaye unajua si mtu wa maneno, alimpakata akamwambia kwamba Castory aliuawa na ugonjwa aliorithi kwetu sisi wazazi wake wawili, hakuna aliyechagua mtu. Akajibu ndiyo baba. Paroko alikuja nyumbani akakaa naye barazani, akamwonyesha Isaka akishuka mlimani na miguu yake mwenyewe. Akamjibu vizuri sana. Mzee Zahoro naye alitoka Mzenga kuja kumwambia kwamba alidanganya siku ile, aliogopa tu. Eva alimletea kiti na maji, kisha akamwambia taratibu kwamba asijisumbue, maana alimwona kwa macho yake akimtoa yule mbuzi mwenye sikio lililopasuka.

Halafu, tulipobaki wawili, alinieleza bila ubishi wowote, kama mtu anayemsaidia mwenzake hesabu. Alisema sisi wote tunasema hivyo ili asihuzunike, lakini Babu alisema mbele ya watu, na Babu hasemi uongo, na yote ninayoyajua mimi nilifundishwa na Babu. Ni mimi niliyemwambia hivyo, tangu akiwa mgongoni.

Nilimfundisha nusu, Mzee Zahoro akasema alichosema kwa hofu, wewe ukasema ulichosema kwa ufundi wa kusema. Tulikuwa mafiga matatu, na mtoto ndiye chungu. Sisemi haya kukulaumu peke yako. Lakini sitakuficha kwamba nimekuwa na hasira nawe, hasira ya kumfanya mtu aamke asubuhi akiwa amechoka, na nimeungama hasira hiyo mara mbili na bado ninayo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike leo, na ndilo gumu kuliko yote.

Mkono ulikuwa umeanza kufunga. Nilikuwa nimelitupa lile jiwe na sabuni zote kali. Juzi Ijumaa nikamkuta uani, ameketi nyuma ya pipa la maji, ana ndimu iliyokatwa na chumvi kwenye kifuniko, anapaka juu ya kidonda huku ameng'ata pindo la gauni asisikike. Nilimnyang'anya. Nilimwuliza kwa nini, kwa ajili ya nani tena, na Castory ameshazikwa. Aliniuliza upasuaji wa Babu ni tarehe ngapi. Akasema alimsikia Bibi kwenye simu akilia kwamba wazee wengi hawaamki kwenye kitanda cha upasuaji. Akasema safari hii anataka awe tayari mapema, ili asirudishwe.

Ni kwa ajili yako, Baba. Mwanangu anajiandaa kwa ajili yako.

Sijui angemwendea nani. Mzee Zahoro hashiki kisu tena, na Didas amefungia vyetu vyote kabatini. Tunakata vitunguu kwa zamu, mmoja anakata na mwingine anamtazama mtoto. Mimi nimeomba ruhusa kazini. Lakini siwezi kumlinda mtu na wazo. Mtu wa kuliondoa ni yule anayemwamini, na huyo ni wewe.

Kwa hiyo Eva hatakuja Desemba, na nakuomba usimtumie mafundisho. Nakuomba umwandikie. Hashiru atarudi wiki ijayo, mpe barua hiyo mkononi kama alivyokupa hii. Mwandikie kwa mwandiko wako mkubwa, anajua kuusoma. Usiweke mfano. Usiweke zizi wala mfugaji. Mwambie ulikosea kaburini. Mwambie Castory hakuchaguliwa, aliugua. Mwambie kovu lake ni ngozi tu, na Mungu alishalipenda kabla hujalijua wewe. Mwambie wewe ni mzee, umekula chumvi nyingi, na ukifa mwezi ujao au miaka kumi ijayo, kifo hicho ni chako na humpi mtu mwingine akibebe. Mwambie alikufa mmoja na ikatosha, na umwandikie ukiwa umesimama kama ulivyokuwa unatufundisha sisi.

Najua maishani mwako hujamwomba mtoto radhi. Mimi ni mwanao, ningekumbuka. Wala sikuombi uniombe mimi, mimi nimeshakua, nitapona au sitapona. Lakini huyu ni mmoja tu aliyebaki, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nawe umeshazika wajukuu vya kutosha. Kabla hawajakulaza kwenye kitanda hicho, iandike.

Nisikuchoshe zaidi. Msalimie sana Mama, mwambie dawa ya magoti nitaituma kwa Hashiru pamoja na zile kanga. Wasalimie akina shangazi, na majirani wote waliotushika mkono wakati wa msiba. Ukipita pale kwa Castory ng'oa magugu, na umwambie kwamba mama yake hajamsahau. Didas anakuamkia. Mzee Zahoro na Bi Mwanaamina wanakusalimu kutoka Mzenga, na wanakuombea kwa dua zao.

Eva naye anakuamkia, shikamoo Babu. Ananitazama ninavyoandika, ameegemea meza na sweta lake. Ameniomba nikuandikie usiogope upasuaji.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Eugenia